Boga nililochonga limeoza siku ya nne na Halloween bado wiki mbili. Kosa liko wapi? (Mapambo ya bei nafuu tuwekane hapa pia)

#1 MamaNusra, Columbus (Ohio), Oktoba 16

Habari zenu wadau. Wanangu wananisumbua tangu Septemba, wanataka baraza yetu ipambwe kama za majirani kwa ajili ya Halloween, usiku wa Oktoba 31 ambapo watoto hupita nyumba kwa nyumba na mavazi ya kutisha wakiomba peremende. Dukani nilikuta mzimu wa kujaza upepo unauzwa dola 60, na Novemba ikifika huna pa kuuweka. Nikaamua kila kitu tutengeneze kwa mikono yetu. Mpaka leo nimetumia dola 14 na senti kadhaa, boga likiwemo.

Mizimu ni galoni tisa za maziwa, zile za plastiki nyeupe. Nilianza kuzikusanya Agosti, nyingine nikaomba kwa jirani. Unaiosha, unachora macho na mdomo kwa makapeni nyeusi, unakata tundu kwa nyuma chini, unatumbukiza taa ndogo za betri. Tumezipanga kando ya njia ya kuingilia, na giza likiingia zinang'aa mwili mzima. Popo nimewakata kwenye maboksi ya kadibodi nikawapaka rangi nyeusi. Utando wa buibui ni mfuko mweusi wa taka: unaukata mraba, unaukunja pembetatu mara tatu, unapitisha mkasi kutoa vipande vyembamba, ukiukunjua unajaza dirisha zima.

Kilichoniangusha ni boga, lile la kuchonga uso na kuwasha taa ndani. Nililichonga Jumamosi tarehe 12. Leo asubuhi nimekuta kifuniko kimezama ndani, mdomo umejikunja kama wa kikongwe aliyeng'oka meno, ukutani kuna ukungu mweusi wenye manyoya, na maji ya kahawia yametiririka ngazi mbili. Mwanangu wa miaka sita amelia. Ya majirani bado magumu. Nimekosea wapi?

#2 Mzee wa Bunju, Dar es Salaam

Pole mama. Huku kwetu boga halifiki siku ya nne, linakuwa limeshaliwa. Hebu nielimisheni, mnalichonga macho ili iweje?

#3 Kaka Tukuyu, Minneapolis

Dada, tatizo ni jua. Boga zima, kwenye sehemu kavu yenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 13 hivi, linakaa miezi miwili hata mitatu. Ukishalitoboa umeliondolea ngozi iliyokuwa inalilinda, halafu ukaliweka kwenye joto. Baraza yako inaelekea wapi? Ya kwangu inaelekea kaskazini, haipigwi na jua, na boga linanikalia siku kumi bila dawa yoyote. Ila baridi kali nayo ni adui. Likiganda usiku na kuyeyuka asubuhi linakuwa uji.

#4 NyarAhero, Houston

Kaka Tukuyu, hapo nakukatalia. Mimi niko Houston, huku Oktoba bado unatembea na leso ya kufuta jasho, na boga langu mwaka jana lilimaliza siku saba. Siri ni jiki. Kijiko kimoja kikubwa kwa galoni ya maji, unalizamisha dakika kumi na tano, unalitoa, unaliinamisha mpaka likauke kabisa ndani na nje. Baada ya hapo unalinyunyizia ndani kila siku mbili. Kinacholiozesha ni vijidudu vya ukungu vilivyotoka nalo shambani, na usipoviua hata ukiliweka kivulini ni kazi bure.

#5 Bint Mkunazini, Toronto

MamaNusra shoga yangu, ulilikwangua mpaka wapi? Watu wengi wanatoa mbegu na nyuzinyuzi za juu wakaona yamekwisha. Ule utelezi unaobaki ukutani ndio unaotangulia kuoza.

Mie natumia mbuzi ya kukunia nazi, nilikuja nayo kutoka Unguja ndani ya begi. Nalikata boga tundu kubwa kwa chini, nakaa juu ya mbuzi, nalishika kwa mikono miwili kama nakuna nazi, nalizungusha taratibu kwenye ulimi. Yanadondoka machicha ya rangi ya chungwa kwenye bakuli. Dakika tano ukuta umekuwa laini, unene wa kidole. Upande utakaochongwa uso naukwangua zaidi, mwanga upite vizuri na kisu kisipate tabu. Na kwa kuwa tundu liko chini, kile kifuniko cha juu cha kuzama ndani hakipo kabisa.

#6 Kijana wa Gongo la Mboto

Mbuzi ya nazi Toronto! Bint Mkunazini uzi huu ni wako, sisi wengine tunagombea nafasi ya pili.

#7 Mkulima wa Iringa, Peoria (Illinois)

Nilifanya kazi ya mashamba ya maboga hapa Illinois misimu miwili, na jimbo hili ndilo linaloongoza Marekani kwa maboga. Mengi ya hapa huenda viwandani kuwekwa kwenye makopo. Ya kuchonga ni aina nyingine. Maarufu inaitwa Howden, aliiendeleza mkulima wa Massachusetts, John Howden. Ina kikonyo kigumu, umbo zuri na ngozi inayochongeka. Utamu si kazi yake.

Sasa dada, mara nyingi boga linaanza kuoza kabla hujalinunua. Limebebwa kwa kikonyo, kikonyo kimelegea pale kwenye shina, ufa mdogo usiouona umepitisha maji. Au limekaa kwenye lori, chini limebonyea. Ukinunua, libonyeze kitako kwa kidole gumba kote kote. Ukikuta sehemu laini hata ya ukubwa wa sarafu, liache. Na usilibebe kwa kikonyo, libebe kama mtoto mchanga.

#8 MamaNusra

Asanteni sana. Nimesoma yote, na kila kosa mlilotaja nimelifanya. Baraza inaelekea kusini, jua linapiga mchana kutwa. Nilikwangua kwa kijiko cha chakula mkono ukachoka, nikaacha. Jiki sikutia. Mwanangu alilibeba kwa kikonyo kutoka kwenye gari. Nilikata juu. Na kuna jambo sikuwaambia: mwenzangu wa kazini aliniambia nipake mafuta ya mgando sehemu zote zilizokatwa zisikauke, nikapaka kopo karibu nusu. Usiku tuliwasha mshumaa.

#9 Kaka Tukuyu

Mafuta ya mgando hayana kosa. Boga likipoteza maji linasinyaa, mafuta yanayazuia. Nayatumia kila mwaka.

#10 NyarAhero

Yanazuia maji yasitoke, na ukungu pia umeufungia humo humo na unyevu wake. Ukiyapaka juu ya boga lililosafishwa kwa jiki sawa. Ukiyapaka juu ya uchafu umeupikia ukungu chakula na kuufunikia.

#11 Mama Furaha, Louisville

Jambo kwenu wote. Siye tulitoka Uvira, tuko hapa Louisville tangu 2015. Miye naona ni ile buji, mshumaa, ilipika boga yenu. Mwaka wa kwanza niliwasha buji masaa mengi. Nilipoondoa kifuniko, chini yake ilikuwa imeiva kabisa, harufu ya boga ya kula. Kitu kilichoiva nusu kinaoza mbio kuliko kibichi. Tangu hapo natia taa ya betri tu, na batoto hawaungui vidole.

#12 Chausiku, Leeds

Nakubaliana na Mama Furaha kuhusu taa ya betri, ila naomba kila mzazi asome hili. Mimi ni nesi. Zile taa ndogo nyingi zina betri za kitufe, bapa kama sarafu. Mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Hakikisha kifuniko cha betri kina skrubu. Kama hakina, zungushia gundi ya karatasi mara tatu nne. Ukihisi mtoto amemeza, ni hospitali hapo hapo. Usisubiri dalili.

Na wale wanaotundika mizimu ya chachi, mshumaa usiwe karibu nayo. Chachi inashika moto mara moja.

#13 MamaNusra

Chausiku, asante. Nimekwenda kuzikagua zote tisa. Mbili hazina skrubu, nimezitoa.

#14 Mwana wa Fundi Makopo, Dayton (Ohio)

Nimesoma uzi mzima mnapigania boga. Ngoja niwape kitu kisichooza.

Marehemu baba alikuwa fundi makopo Morogoro. Vibatari, koroboi, vikopo vya kupimia mchele sokoni, vyote vilitoka mikononi mwake. Nilipofika huku na kuona wanavyotoboa nyuso kwenye maboga, nikasema hii kazi naijua.

Chukua kopo la nyanya au la maharage, toa karatasi, osha. Usipige msumari kopo likiwa tupu, litabonyea. Lijaze mchanga wenye unyevu, ushindilie mpaka juu. Watu wa huku wanajaza maji na kugandisha kwenye friza. Inafaa, lakini barafu inatanuka na kusukuma kitako nje, halafu kopo halikai wima. Mchanga hauna shida hiyo. Lilaze juu ya taulo lililokunjwa lisiviringike. Chora uso kwa makapeni, weka nukta kila baada ya nusu sentimita. Msumari mnene kwa macho, mwembamba kwa mdomo. Piga kavu, pigo moja au mawili, usikie sauti ikibadilika. Mchanga ukishika ncha, umepenya. Tundu zisikaribiane mno, bati litachanika kati yake.

Ukimaliza mwaga mchanga, suuza, pita msasa kwenye kingo, toboa mbili juu, pitisha waya wa hanga. Rangi nyeusi ya kupuliza kama unayo, kama huna acha lishike kutu kidogo, linapendeza zaidi. Usiku nuru inatoka kwa nukta nukta na ukutani unaonekana uso mkubwa kuliko kopo lenyewe. Ninalo la 2019, bado liko kazini.

#15 Kijana wa Gongo la Mboto

Mkuu umenirudisha mbali. Bibi yangu alikuwa na koroboi ya kopo la maziwa, moshi wake ulichora dari yote.

#16 Kaka Tukuyu

Mwana wa Fundi, huku hatuhitaji friza wala mchanga, unaliacha kopo nje usiku tu. Watu wa Minnesota watakuambia habari ya 1991. Theluji ilianza Halloween yenyewe, na hadi Novemba 3 Minneapolis ilikuwa imepata inchi 28.4, karibu sentimita 72. Wazee wa hapa wanasimulia watoto walivyozunguka kuomba peremende na makoti mazito juu ya mavazi ya mizimu. Tangu niliposikia hivyo, vazi la binti yangu nalishona pana, koti likae ndani yake.

Na mji wa Anoka, jirani yetu, unajiita makao makuu ya Halloween duniani. Walianza gwaride mwaka 1920 ili kuwapa vijana kitu cha kufanya badala ya kuharibu mali za watu usiku ule.

#17 Mtumishi wa Bwana, Dallas

Wapendwa, nasoma kwa huzuni. Mizimu, mafuvu, popo. Hivi vitu nyumbani kwetu tulifundishwa kuvikimbia, leo tunawachorea watoto kwa mikono yetu? Tafakarini.

#18 Mrombo, Cincinnati

Mtumishi, nakuheshimu, ila jina lenyewe linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote. Novemba 1 ni Watakatifu Wote, Novemba 2 ni Marehemu Wote. Kwetu Rombo siku hiyo tunafyeka makaburi ya wazee, tunaweka maua, tunasali rozari. Mtoto wangu namweleza hivyo: leo unacheka na mifupa ya karatasi, kesho kutwa tunamwombea babu. Hajachanganyikiwa.

#19 Mtumishi wa Bwana

Mrombo, makaburi ya wazee mnayaombea, hamyachezei. Ndiyo hoja yangu. Sikukuu hii ya Wamarekani ina mizizi ya kipagani.

#20 Sijali Baridi, Galway

Samahani, si ya Wamarekani. Niko Ireland mwaka wa tisa. Huku wana sikukuu ya kale ya Wakelti, Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya giza. Walichonga tanipu (mzizi wa duara mfano wa kiazi kikubwa), si maboga. Boga ni zao la Amerika, halikuwepo huku. Kwenye jumba la makumbusho la taifa kule Mayo nimeona nakala ya plasta ya tanipu la zamani la Donegal, lina macho madogo na meno machache. Usiku huo nililala taa ikiwaka. Boga ukililinganisha nalo ni mtoto mpole.

Mwaka jana nikajaribu kuchonga tanipu. Ni gumu kama jiwe, kijiko kilipinda. Ila lilikaa wiki mbili, likawa linasinyaa tu na kuzidi kutisha. MamaNusra, kama unataka kitu kisichooza haraka, tanipu ni bei ya chini kuliko boga.

#21 Mrombo

Sawa, Samhain ipo. Lakini Kanisa nalo lilikuwa na siku ya mashahidi Mei 13 huko Roma, na karne ya nane Papa Gregori wa Tatu akaweka wakfu kanisa dogo la watakatifu ndani ya Mtakatifu Petro, na wengi husema ndiyo chanzo cha Novemba 1. Roma, si Ireland. Nani aliiga kwa nani, wataalamu wenyewe wanabishana.

#22 Mkulima wa Iringa

Na ilifika Marekani na Waayalandi waliokimbia njaa ya viazi ya 1845. Walipokuta boga ni laini na kubwa, tanipu wakaliacha.

#23 Sijali Baridi

Mkulima, wale wa njaa walikuwa wengi zaidi, lakini Waayalandi na Waskoti walishakuwepo Marekani miaka mingi kabla. Usiwape wa 1845 peke yao.

#24 Umm Salma, Dearborn

Assalamu alaikum. Sisi nyumbani hatusherehekei, na tarehe 31 tunazima taa ya baraza. Huku wote wanajua taa ikizimwa hawabishi hodi. Lakini sitaki watoto wakae wakitazama dirishani kwa huzuni, kwa hiyo Oktoba yote tunafanya kazi za majani. Tunaokota majani ya mipapai ya… samahani, ya mepo (maple, mti wa huku ambao majani yake hugeuka rangi), mkono umeandika vya Tanga. Tunayabana kwenye kitabu kizito wiki moja, tunayapitisha kwenye nta iliyoyeyushwa, tunayatunga kwenye uzi. Rangi inabaki wiki kadhaa. Gharama ni mshumaa mmoja wa nta. Mtumishi, labda hili litakufaa na wewe.

#25 Mtumishi wa Bwana

Umm Salma, nimelipenda. Asante dada yangu.

#26 Shangazi wa Kongowea, Mombasa

Mnaulizana vazi la bei nafuu? Njooni sokoni Kongowea, kwenye mitumba. Kila nikifungua bunda la nguo za watoto nakuta vazi la buibui, mabawa ya kipepeo, la mifupa inayong'aa gizani. Huku hatuna Halloween, akina mama wananunua kwa sherehe za shule na mtoto analivaa mpaka linapasuka. La popo nilimuuzia mama mmoja kwa shilingi 100, mwanawe analivaa kwenda madrasa akidhani ni koti la mvua.

#27 NyarAhero

Shangazi bana! Kumbe hizo za watoto wangu niliweka kwa sanduku la kutoa msaada zimefika kwako.

#28 Baba Upendo, Des Moines

Huku Iowa kuna desturi nzuri. Kwa miaka mingi watoto walizunguka tarehe 30, wanauita usiku wa waombaji, na mtoto hapewi peremende bure. Lazima aseme kichekesho. Binti yangu hakuwa na kichekesho cha Kiingereza, nikamwambia atege kitendawili. Alisimama mlangoni na kofia yake ya uchawi ya karatasi, akasema kwa Kiingereza: nyumba yangu haina mlango. Mzee wa watu alifikiri, akamwita mkewe, wakafikiri wote wawili. Wakatoa mji. Alipowaambia ni yai walimpa mikono miwili ya peremende. Mwaka uliofuata walikuwa wanamsubiri.

Kofia yake kama mnataka: karatasi nyeusi nusu duara, unaikunja umbo la pia, ukingo ni duara la kadibodi. Gundi ni uji wa unga wa ngano.

#29 Kijana wa Gongo la Mboto

"Wakatoa mji"! Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#30 Chausiku

Baba Upendo, uji wa ngano umenikosesha vinyago vitatu. Tulipuliza puto, tukabandika vipande vya magazeti kwa uji, tabaka nne, zikakauka vizuri sana. Tukahifadhi stoo. Mwaka uliofuata vilikuwa na mashimo na ukungu.

#31 Baba Upendo

Hukutia chumvi. Vijiko viwili vya chumvi kwenye uji, ukungu haushiki.

#32 Mwana wa Fundi Makopo

Mashimo hayo ni panya, si ukungu. Panya hajali chumvi. Nyumbani tulibandika kwa uji wa muhogo, haukuliwa.

#33 Chausiku

Muhogo Leeds ninapata wa barafu, bei yake inazidi kinyago cha dukani.

#34 Ndege Mwema, Portland (Oregon)

MamaNusra, utando wako wa mfuko wa taka umefanya vyema kuliko unavyojua. Ule wa pamba ya kuvutwa, wanaotandaza kwenye miti, unanasa ndege. Nilimwokoa mmoja mwaka juzi, mguu na bawa vimezungukwa na nyuzi, nilimkatia kwa mkasi wa kucha huku moyo wake ukipiga mkononi mwangu. Wekeni ndani ya nyumba, au tumieni uzi mnene wa kufumia ambao ndege anauona.

#35 MamaNusra, Oktoba 28

Wadau, nimerudi na majibu, au nusu ya majibu. Tarehe 22 nilinunua maboga mawili, bei ilikuwa imeshuka, yote kwa dola 6. Nimeyabonyeza vitako kama alivyosema Mkulima. Nikayabeba kama watoto wachanga. Nimeyakata chini, nimekwangua kwa kijiko cha aiskrimu mpaka kidole kikauma. Moja nimelizamisha kwenye jiki, jingine sijalitia kitu. Yote nimeyaweka kivulini pembeni mwa ngazi, taa za betri, bila mafuta ya mgando. Nilitaka kujua kama ni jiki au ni kivuli.

Juzi usiku kindi amekula uso wa lile la jiki. Jicho la kushoto limekuwa dirisha. Lile jingine ni zima, ila lina ukungu kidogo kwenye jino moja.

#36 NyarAhero

Unaona? Kindi hali kilichooza. La jiki lilikuwa bado bichi tamu, la pili amelinusa akaliacha.

#37 Kaka Tukuyu

Au la jiki lilikaa karibu na mti. Ukungu jino moja baada ya siku sita bila dawa, kivuli kimeshinda.

#38 Bint Mkunazini

Mnasahau safari hii amekwangua.

#39 Ndege Mwema

Jiki ukiendelea kuinyunyizia mnyama anairamba. Tumia siki.

#40 Chausiku

Siki au jiki, chagua kimoja. USICHANGANYE. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lililofungwa inakuharibu mapafu.

#41 Mkulima wa Iringa

Maboga mawili hayatoshi kupima kitu. Hata ukuta wake unaweza kuwa haukulingana unene. Kindi mpulizie pilipili ya unga kwenye kingo, harufu yake haipendi.

#42 Mzee wa Bunju

Nimefuatilia tangu namba 2 na bado hamjaniambia kitu kimoja. Hayo machicha ya Bint Mkunazini na mbegu zinakwenda wapi? Ukipenda boga, upende na ua lake. Na majani je?

#43 Bint Mkunazini

Mzee wangu, hakitupwi kitu. Ila boga la kuchonga lina maji mengi, ukilipika peke yake ni uji usio na ladha. Machicha nayakamua kwenye kitambaa, natia tui zito, sukari, iliki na chumvi kidogo, moto mdogo mpaka tui linywee. Kwa boga la nazi la kweli nanunua yale madogo ya kupika, au ya Kijapani ya ngozi ya kijani. Mbegu naosha, nakausha usiku mzima, nakaanga kwenye oveni na chumvi na pilipili manga.

#44 Mama Furaha

Majani hapa banatupa! Karibu na kwetu kuna shamba, mwenyewe ananipa bure mwezi wa saba. Napika na karanga. Yeye anashangaa, miye namshangaa yeye.

#45 MamaNusra, Novemba 1

Jana walipita watoto 61, nimewahesabu. Mizimu ya maziwa ilisimama yote tisa. Nilitengeneza makopo matano ya Mwana wa Fundi, nikayatundika kwenye reli ya ngazi. Baba mmoja alisimama na mwanawe akaniuliza nimenunua duka gani. Nilimwonyesha nyundo.

Boga la jiki, pamoja na kuliwa jicho, lilikuwa gumu mpaka usiku. La pili nalo lilikuwa gumu. Kwa hiyo NyarAhero na Kaka Tukuyu endeleeni. Leo nimeyapasua, yamekwenda kwenye shimo la mboji. Mbegu za yale mawili nilikuwa nimeshazianika kwenye gazeti dirishani, mwanangu amezihesabu ameishia 300 akalala.

#46 Mzee wa Bunju

Hizo mia tatu usizikaange zote mama. Mwambie mjukuu wangu kumi azipande Mei, halafu Mama Furaha akufundishe yale majani.